MRI ya Utendaji kwa Figo Iliyozibuliwa: Kipimo Kizuri, Ripoti Pungufu

Baada ya jiwe kuondolewa au mpira kuwekwa ndani ya ureta, yaani mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu, ili mkojo upite, daktari hutaka kujua kama figo iliyokuwa imeziba imerudia kazi yake, na hapo vipimo vya kawaida huyumba. Kriatinini, taka ya mwili inayopimwa kwenye damu, inaweza kusomeka vizuri kwa kuwa figo ya pili imebeba mzigo wa zote mbili, ilhali ultrasaundi inaweza kuonyesha figo ingali imetanuka hata kama mkojo unapita bila kizuizi. Ndiyo sababu nilielekezwa kwenye MRI ya utendaji, yaani picha za sumaku zinazoonyesha jinsi figo inavyofanya kazi, si umbo lake tu.

Sifa yake kubwa ni kupima kila figo peke yake, bila mionzi, na kwa mbinu kadhaa bila kuchomwa dawa yoyote. Mbinu moja hufuatilia mwendo wa molekuli za maji, ambao hupungua penye makovu. Nyingine hutia alama ya sumaku kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe kabla haijaingia katika figo, ili kupima damu inayoifikia. Iliyonivutia zaidi ni BOLD, inayokadiria hali ya oksijeni. Medula, yaani sehemu ya ndani ya figo, kwa kawaida huishi kwa oksijeni kidogo kwa sababu ya kazi ya kurudisha chumvi mwilini. Figo ikiziba, kazi hiyo hupungua na oksijeni huweza kuongezeka, kwa hiyo oksijeni nyingi si lazima iwe habari njema.

Wahudumu walikuwa wavumilivu. Mashine ina kelele kweli, na agizo la “toa pumzi, zuia” hurudiwa mpaka mtu akachoka, kwani figo husogea kila anapohema.

Ripoti ndiyo iliyonikwaza. Ilitaja wastani wa vipimo hivyo kwa kila figo, lakini haikuwapo picha ya kabla ya matibabu ya kulinganishia, nazo tarakimu hizo hubadilika kulingana na mashine, mipangilio yake, na hata kiasi cha maji alichokunywa mgonjwa. Ilionyesha tofauti kati ya kushoto na kulia, isionyeshe kama kuna nafuu. Anayetaka huduma hii aombe ifanywe kabla na baada ya kuzibuliwa, kwenye mashine ileile, hali ya mgonjwa ikiruhusu. Asiyeweza kupata hivyo, kipimo cha nyuklia, cha kuchomwa dawa yenye mionzi kidogo, kinachoonyesha mgawanyo wa kazi na mkojo unavyotoka, bado kitamfaa zaidi.