TAHADHARI: Blanketi la "manyoya ya bata" la kulalia kwenye bembea, linalouzwa mtandaoni

Kuna muuzaji katika mtandao wa kijamii anayetangaza blanketi jepesi la kulalia msituni kwenye bembea, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, la rangi ya kijani iliyokolea na mishono ya rangi ya chungwa, akidai kwamba limejazwa manyoya laini ya kifuani mwa bata. Nimelinunua, nimelala nalo, nimelipima na hatimaye nimelifumua, na ninasema bila kusita kwamba manyoya hayo hayamo. Jina la ukurasa wake silitaji, kwa sababu tangu nilalamike limekwisha kubadilishwa mara moja, na mtu akilikariri la leo huenda akaliamini la kesho.

Tangazo lilieleza kwamba blanketi lina urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 130, uzito wake wote ni gramu 450, ndani yake mna gramu 250 za manyoya ya kiwango cha 800, na linafaa hadi nyuzi joto 5. Kilichoniponza ni kwamba takwimu hizo zinawiana. Kwa asiyeijua hesabu hii, kiwango cha 800 huonyesha jinsi manyoya yanavyotuna: aunzi moja, yaani gramu 28 hivi, ikiachwa ijitanue hujaza inchi za ujazo 800, ambazo ni karibu lita 13. Gramu 250 zingejaza takriban lita 115, na zikitandazwa katika blanketi la ukubwa ule hutoa unene wa sentimita 4 na kidogo. Nailoni nyembamba ya pande mbili pamoja na kamba zake huongeza gramu 200 hivi, na jumla inafika palepale kwenye 450. Nilikaa na kikokotoo jioni nzima, nikaridhika, nikajiona mjanja. Kumbe nilikuwa nikikagua blanketi jingine kabisa: maelezo yale yalikuwa yamenakiliwa, pamoja na picha, kutoka kwa mtengenezaji halisi wa ng'ambo, na muuzaji hakuhitaji kutunga hata tarakimu moja.

Bei ilikuwa shilingi 185,000. Blanketi la kweli la aina hiyo huuzwa Marekani na Ulaya kwa kati ya dola 150 na 300, kabla ya nauli na ushuru, kwa hiyo nilikuwa nikiuziwa kwa karibu nusu ya bei ya chini kabisa. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa adabu kubwa kwamba "huo ni mzigo wa mwisho, kaka, tunafunga hesabu." Nilipoomba lipa namba ya duka niliambiwa ina hitilafu, nikapewa namba ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri halikufanana hata kidogo na jina la duka. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Niliendelea kwa sababu safari ilikuwa imebaki siku sita, na mtu mwenye haraka hujitafutia mwenyewe maelezo ya kila kasoro. Mzigo ulifika kwa basi siku ya tatu, umefungwa vizuri, bila risiti ya kielektroniki wala lebo yoyote.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, ambako hata Julai shuka moja inatosha. Tulipanda wanne hadi Lushoto, na baada ya kupata kibali tukalala ukingoni mwa msitu wa hifadhi wa Magamba, kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, nilitarajia usiku wa nyuzi 9 au 10, na kipimajoto changu kilionyesha 9 alfajiri. Blanketi linalofaa hadi nyuzi 5 lingeniachia hata nafasi ya kulalamika kuhusu joto. Saa nane za usiku nilikuwa nimevaa koti la mvua ndani ya bembea, magoti yamefika kidevuni, nikisikiliza wenzangu wakikoroma. Mmoja wao alikuwa amejifunika blanketi la kawaida la dukani na kutandika sponji nyembamba chini yake, wala hakuamka hadi kulipokucha.

Niliporudi nililipeleka blanketi kwa muuza duka wa jirani, tukalipima kwenye mizani yake ya sukari: gramu 780. Nililitandaza sakafuni saa nzima ili litune, nikasimamisha rula pembeni, na unene haukufika sentimita moja na nusu. Nilipofumua mshono nilikuta tabaka la nyuzi nyeupe za poliesta kama zile zinazojazwa kwenye mito ya bei nafuu (sufi ya bibi yangu ilikuwa na joto zaidi), na karibu na kona moja manyoya machache yenye vijiti, ambayo nina hakika yalitiwa pale ili mnunuzi akibinya kona asikie kitu. Nilichukua kipande cha zile nyuzi nikakichoma kwa kiberiti juu ya kisahani: kiliyeyuka, kikaacha shanga nyeusi ngumu. Unyoya wa ndege hunuka kama nywele iliyoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole.

Poliesta yenyewe si kosa. Huvumilia unyevu kuliko manyoya, hukauka upesi, na kwa misitu yetu yenye ukungu ningeweza kabisa kuichagua kwa hiari yangu, nikijua kwamba nitabeba uzito zaidi na kulipa pungufu.

Kuna pia ushauri mbaya ambao muuzaji huyu alikuwa akiwapa wateja, ambao ungenidhuru hata kama blanketi lingekuwa halali. Alisema kwamba ukiwa na blanketi hilo "huhitaji kitu chini." Si kweli. Uzito wa mwili huyabana manyoya yaliyo chini yako hadi yasibaki na hewa, na hewa iliyotuama ndani yake ndiyo inayotunza joto. Wakati huohuo upepo unapita chini ya bembea na kukupoza mgongo usiku kucha. Ndiyo maana wanaolala hivyo mara kwa mara huning'iniza blanketi la pili nje ya bembea, upande wa chini, lisikandamizwe, au hutandika sponji. Vilevile neno "kiangazi" kwenye matangazo haya lisikupoteze, kwa kuwa limetafsiriwa kutoka Ulaya, ambako usiku wa kiangazi milimani unaweza kushuka hadi nyuzi 8 au 10. Kwetu huo ni usiku wa kipupwe Lushoto, wala si wa joto la Januari pwani.

Kwa kuwa picha na takwimu zinaweza kuwa za kweli na bidhaa ikawa ya uongo, kitu pekee ambacho ningekidai leo ni video fupi ya blanketi lenyewe likiwa juu ya mizani, kisha likiwa limetandazwa na rula imesimamishwa pembeni, huku karatasi yenye jina langu na tarehe ya siku hiyo ikionekana. Mwenye mzigo halisi hutumia dakika tano kuitengeneza. Nilimwomba muuzaji huyu video hiyo baadaye, kwa namba ya ndugu yangu, akajibu kwamba mizani yao imeharibika.

Nilipodai fedha zangu aliizuia namba yangu siku hiyohiyo. Nimepeleka taarifa polisi nikiwa na ujumbe wa muamala, jina lililosajiliwa na picha za mazungumzo, na nimeandika malalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Namba ya simu yenyewe nimeiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Wiki iliyopita picha zilezile za kijani na chungwa zimeonekana chini ya jina jipya, safari hii bei ikiwa shilingi 160,000. Aliyekwisha kulipa asifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, na blanketi asilifumue kabla ya kulipiga picha likiwa kwenye mizani, kwani mimi nililifumua kwanza, na afisa aliyepokea taarifa yangu aliniuliza ninathibitishaje kwamba zile nyuzi sikuzitia mwenyewe.