Kulipa kwa simu na saa badala ya kadi Nairobi: uzoefu wangu

Jijini Nairobi simu ina njia tatu za kulipa kaunta, na kinachozitofautisha ni nani anayeandika nambari. Kwa malipo ya till, yaani nambari ya M-Pesa ya biashara, unaandika wewe. Kwa ombi la STK, yaani ombi la malipo linaloibuka kwenye simu yako, anaandika keshia. Ukigusisha simu kwenye PDQ, ile mashine ya kadi, nambari yako haiandikwi na mtu yeyote. Keshia anapiga bei tu. Kero nyingi zinaanzia hapo, na ndiyo sababu nazipanga hivi: kugusisha panapowezekana, STK inafuata, till mwisho. Saa janja nitaifikia, ingawa haina mengi.

Till iko kila mahali, kuanzia supamaketi hadi kwa mama mboga na makanga wa matatu. Mteja hatozwi ada, na bando halihitajiki. Menyu ya M-Pesa iliyo kwenye laini au *334# inatosha. Udhaifu wake ni kule kuandika. Nambari imebandikwa ukutani, karatasi imefifia, 3 inafanana na 8, na tarakimu moja ikikosewa pesa zinaingia katika biashara nyingine iliyo hai kabisa. Kinga ni jina linalojitokeza kwenye programu ya M-Pesa kabla hujaweka PIN. Lakini jina lililosajiliwa mara nyingi silo lililo kwenye bango: duka la nyama linaweza kusoma jina la kampuni ambayo hujawahi kuisikia. Kwa hiyo uliza, "Till yenu inasoma nani?" kisha ulinganishe. Wenye maduka wameshalizoea swali hilo, hakuna anayenuna.

Paybill ni kitu kingine. Inadai nambari ya akaunti pia, na ada inaweza kukuangukia wewe kulingana na mpango ambao biashara imechagua. Pochi la Biashara nalo hutumia nambari ya simu ya muuzaji. Ukiwa umemtumia mtu pesa kimakosa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hajazitoa. Kwa till, njia fupi ni kuzungumza na biashara iliyopokea, ukiwa na ule msimbo wa muamala mkononi.

STK utaikuta kwenye supamaketi. Unataja nambari yako, keshia anaiingiza, na dirisha lenye jina la biashara na kiasi linaibuka kwenye simu. Unaweka PIN, basi. Kiasi hakikosewi kwa kuwa kinatoka kwenye mashine yao moja kwa moja. Ubaya wa kwanza ni kwamba unaitaja nambari yako kwa sauti mbele ya foleni nzima. Wa pili ni muda: dirisha halikai sana, na ukiwa umepigiwa simu, au uko kwenye duka la chini ya ardhi ambako mtandao unayumba, linapita.

Keshia akisema "imekataa", mwombe asome sababu au nambari iliyo kwenye skrini yake. 1032 maana yake ombi limefutwa upande wako. 1037 ni kwamba simu haikufikiwa au hukujibu kwa wakati. 1 ni salio halitoshi, 2001 ni PIN si sahihi. Kwa 1037, sogea mahali penye mtandao ndipo atume tena. Usikimbilie kulipa kwa till wakati ombi la kwanza bado lina nafasi ya kuibuka, kwa sababu ukiliwekea PIN kwa haraka umelipa mara mbili. Na ombi likiibuka ukiwa hununui chochote, lifute bila kufikiria.

Sasa kugusisha, njia ninayoipenda na yenye masharti mengi kuliko zote. Simu iwe na NFC (mawimbi ya masafa mafupi ya kugusisha), iwe na kufuli ya skrini (alama ya kidole, uso au PIN), na kadi iwe imeingizwa kwenye programu ya pochi, ile inayotunza kadi za benki ndani ya simu (si Pochi la Biashara). Unaipiga picha kadi au kuandika nambari zake, benki inatuma msimbo kwa ujumbe mfupi, unauingiza. Hapo ndipo wengi wanakwama: kadi kuwa ya Visa au Mastercard haitoshi, benki iliyoitoa lazima iwe imekubaliana na mwenye programu hiyo. Kama haijakubaliana, programu itasoma kadi vizuri kabisa kisha ikuambie haiwezi kuongezwa. Kufuta programu na kuiweka upya hakutasaidia. Uliza benki kwanza, na utaje aina ya simu. Jamaa wa ughaibuni wenye kadi za huko kwenye simu zao hawana shida hapa, kwani PDQ inaona kadi ya kawaida ya kugusisha. Mashine ikiwauliza walipe kwa sarafu gani, wachague shilingi, maana kiwango cha kubadilishia fedha cha mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yao.

Dukani, usiseme "nalipa kwa simu". Ukisema hivyo utaonyeshwa till. Sema "nalipa kwa kadi", subiri PDQ itolewe na bei ipigwe, ndipo uitoe simu. Tafuta alama ya mawimbi manne: kwenye mashine nyingine iko juu ya skrini, kwingine ubavuni au karibu na karatasi ya risiti. Antena ya iPhone iko ukingo wa juu. Kwa simu nyingi za Android iko mgongoni, katikati au karibu na kamera. Umbali usizidi sentimita 4 hivi, na ushikilie mpaka ilie. Kupitisha haraka ndiko kunakoiangusha.

Kifuniko ni adui mwingine. Kile kibati cha kunasia simu kwenye sumaku ya gari kinaweza kuzuia mawimbi. Kifuniko cha kukunja chenye kadi ya benki ndani ni kibaya zaidi: mashine inaona kadi mbili, ama inakataa ama inakata ile usiyoikusudia. PDQ nyingine bado itadai PIN hata baada ya kidole chako kukubaliwa. Hiyo ni PIN ya kadi, si ya simu, kwa hiyo usiisahau.

Simu haihitaji bando wakati wa kugusisha, lakini PDQ inahitaji mtandao wake. Ikining'inia, subiri karatasi itoke na usome kama imeidhinishwa au imekataliwa, kisha uangalie ujumbe wa benki, kabla ya kugusisha tena. Jambo moja la kurudisha bidhaa: simu haitoi nambari halisi ya kadi, inatoa nambari mbadala pamoja na msimbo wa mara moja. Usalama wake uko hapo. Ndiyo maana tarakimu nne za mwisho kwenye risiti hazifanani na za kadi yako ya plastiki, na keshia asiyejua atakwambia kadi siyo. Nenda na simu ile ile uliyolipia.

Saa janja inafuata kanuni hizo hizo, ila benki inaweza kukubali simu yako na isikubali aina ya saa yako. Inadai PIN ukiivaa, kisha inabaki wazi ikiwa mkononi. Mkanda ukilegea inajifunga, na mara nyingi utagundua ukiwa mbele ya keshia. PDQ ikiwa imefungwa kwenye kishikio utausokota mkono vibaya, basi omba itolewe. Saa za bei rahisi za Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, zenye "NFC" kwenye boksi zichunguze sana: nyingi hazina mfumo wa malipo unaotambuliwa na benki. Zaidi ya hayo, dirisha la STK linakwenda kwenye simu yenye laini, si kwenye saa, na makanga hana PDQ. Nunua saa kwa ajili ya mbio au afya. Malipo yawe nyongeza.

Simu ikiibwa, kadi iliyo ndani unaweza kuisimamisha kwa mbali kupitia huduma ya kutafuta simu, na plastiki ikaendelea kufanya kazi. Laini ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu mwizi anaihamishia simu nyingine na kuanza kupokea misimbo ya benki. Weka PIN ya laini leo, kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Kwa laini ya Safaricom piga pia *100*100#, ili isiweze kubadilishwa kwa wakala yeyote bila wewe kufika dukani kwao na kitambulisho.