Mafundi wa viyoyozi wa Upanga: hupima kwanza, gesi baadaye

Kiyoyozi cha chumbani kilikuwa kikidondosha maji ukutani na kupuliza hewa ya vuguvugu, dalili ambazo mafundi wengi wa Dar es Salaam huzijibu kwa kujaza gesi ya kupoza hewa tu, ilhali gesi hiyo huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haipungui pasipo kuvuja. Fundi wa duka hili aliosha chujio, akazibua bomba la maji lililojaa utelezi mweusi, kisha akasafisha mashine ya nje iliyogandiwa na vumbi na chumvi ya bahari. Kapasita ya feni (kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia feni kuzunguka), ambayo kichwa chake kilikuwa kimevimba, aliibadilisha mbele yangu. Ndipo akapima gesi, akaikuta iko sawa, wala hakuiongeza. Bei yao si ya chini, nami naona inastahili kabisa.