Usiku wa panki Kisumu: gitaa nililisikia, maneno je?

Nianze na kazi yangu, mjue napima kwa mizani gani. Nakodisha vyombo vya sauti hapa Kisumu. Harusi, mahafali, mikutano ya kanisa, na zaidi ya yote matanga. Wikendi zangu nyingi huishia Seme, Nyakach au Alego, nimelala juu ya spika ndani ya pikapu. Kwa hiyo nikienda kustarehe macho huwa jukwaani lakini masikio yanabaki kazini. Hilo halina dawa.

Aliyenikokota kwenda kusikiliza panki, muziki wa magitaa wa haraka na wa kelele, ni mpwa wangu. "Nera, utaipenda," akaniambia (ndivyo Waluo tunavyomwita mjomba). "Ni benga iliyokasirika." Benga ndiyo muziki wetu wa magitaa huku kwa Waluo, na maneno hayo ndiyo yaliyoniuzia tiketi: shilingi 500 ukilipa mapema kwa M-Pesa, 700 mlangoni. Ijumaa, bendi tatu, moja ya vijana wa hapa hapa na mbili kutoka Nairobi, kwenye ua wa nyuma wa baa moja upande wa Milimani. Jina la baa naliacha kwa sababu nina ugomvi nayo.

Tangazo lilisema saa mbili. Saa tatu na robo fundi bado anatafuta waya mzima. Nikala mayai mawili na kachumbari langoni, nikitazama watu wakiingia. Fulana nyeusi na buti nzito, kwa joto hili la ziwani! Msichana mmoja mwenye nywele za kijani alikuja na mama yake, au labda shangazi, na mama huyo ndiye aliyekaa mbele kuliko wote mpaka mwisho.

Halafu mpiga ngoma akagonga vijiti mara nne, na kabla sijajua nitazame wapi, wimbo wa kwanza ukawa umeisha. Mpwa alikuwa amenionya. Albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya panki ya New York, ilitoka 1976 ikiwa na nyimbo 14 na haifiki hata dakika 30. Sisi tuliolelewa na benga, dakika 30 ndiyo kwanza wimbo wa tatu unachemka. Santuri za zamani ilibidi zikate wimbo vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili, maana upande mmoja haukuutosha. Nilidhani ningejiona nimepunjwa. Wala. Wanaojua benga wanajua pale mwimbaji anaponyamaza, magitaa yakakimbizana na besi ikawa inasukuma kwa nyuma, watu wakaacha viti. Panki inaanzia hapo. Hakuna kupasha moto, hakuna kusalimia wenye meza ya mbele kwa majina ili watoe pesa. Dakika mbili, basi, wanakuja na mwingine.

Kuna pia kusukumana. Vijana kama thelathini wanazunguka mbele ya jukwaa wakigongana mabega kama ng'ombe mlangoni pa josho. Niliogopa, lakini nikaona kwamba anayeanguka anainuliwa na mikono minne kabla hajagusa chini vizuri. Kiatu kimoja kilichopotea kilinyanyuliwa juu hewani hadi mwenyewe akapatikana. Nimeona ngumi nyingi zaidi matangani, kwa watu wanaojuana.

Sasa ugomvi wangu. Ua ule umeezekwa mabati, tena ya chini. Sauti ikipanda inagonga bati na kurudi kwenye maiki, maiki inaipeleka kwa spika, spika inairudisha batini, na ndiyo ule mluzi uliotufanya wote tuinamishe vichwa. Baa ingetundika hata mazulia makuukuu huko juu. Lakini kosa kubwa lilikuwa la jukwaani. Mwimbaji wa bendi yetu ya nyumbani alikuwa ameshika maiki kwa kuifunika kichwa chote na kiganja. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Ila maiki ya kuimbia imeundwa isikie kilicho mbele na kupuuza kilicho nyuma, na inafanya hivyo kwa matundu ya ubavuni. Ukiyaziba inasikia kila kitu: ngoma, gitaa, spika, labda hata jenereta ya jirani. Ongeza magitaa mawili ya kukwaruza, yanayokaa pale pale sauti ya binadamu inapotaka kupita, na maneno yamekwisha. Nilisimama mita nne kutoka kwake. Niliambulia "serikali" na "mama". Yaliyo katikati sijui hadi leo.

Na hapo ndipo roho iliniuma. D.O. Misiani, mwimbaji wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, aliyefariki 2006, alitiwa ndani na kurudishwa Tanzania kwa ajili ya nyimbo zake, ilhali alikuwa akiyafunga mambo ya siasa kwa mafumbo ya Biblia na ya wanyama. Kila neno ulilisikia, kazi ikabaki kwako kulifumbua. Hawa vijana hawafumbi chochote, wanayasema wazi, halafu wanayafunika kwa kiganja!

Bendi ya pili sina mengi. Walipiga kwa nguvu na wakaondoka.

Ya tatu ilinirudishia 500 yangu. Msichana mwembamba, maiki kaishika mpini, kainamisha kidogo, na kabla ya kuanza akamwomba mwenzake apunguze gitaa. Mwenzake akapunguza! Sijawahi kuona mpiga gitaa akipunguza. Wimbo ulihusu mwenye nyumba anayetia kufuli lake juu ya kufuli lako tarehe tano. Mara ya pili kiitikio kilipokuja ua mzima ulikuwa unakiimba, pamoja na yule mama wa mbele, na mimi, ambaye nimewahi kufungiwa hivyo Manyatta miaka ya ujana. Waliurudia mara tatu. Mara ya tatu ngoma pekee ndiyo iliyokuwa ikituongoza.

Mkienda, bebeni vizibo vya masikio, vile vya sponji vya madukani, si pamba ya kujipachikia. Simu yangu ilisoma desibeli 104 katikati ya ua. Kipimo cha simu si cha kuapia, lakini kanuni ya kazi yetu ni kwamba 85 unaivumilia kwa muda wa saa nane, na kila 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ukifika 100 una robo saa tu. Sisi tulikaa saa mbili na zaidi. Soda ilianza shilingi 80, ikafika 120 watu walipokaukwa koo, na choo kilikuwa kimoja kwa ua mzima. Hapo sitaeleza zaidi. Tuktuk ya kurudi Kondele ilitudai 300, tukaipata kwa 200.

Kabla ya kuondoka nilimfuata yule kijana wa bendi yetu, amekaa juu ya kasha la spika akinywa maji. Nikamwonyesha kwa chupa yake jinsi ya kushika maiki. Akanisikiliza kwa heshima, akaniuliza, "Mzee, wewe ni mwanamuziki?" Nikamwambia nakodisha vyombo. Akataka kujua bei ya usiku mmoja, spika nne na mixa, na fundi akiwamo.

Nikamtajia. Akacheka mpaka maji yakampalia.

Mpwa anasema wanapiga tena mwezi ujao. Nimeshamtumia pesa ya tiketi, na nimemwambia bei yangu inaongeleka.