Sanduku la slaidi za tishu unganishi: nyuzi zimetendewa haki, ute wa msingi haukutendewa

Sanduku hili la slaidi 12 za tishu unganishi, yaani tishu zinazounganisha na kushikilia sehemu za mwili, lililonunuliwa kwa ajili ya maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uganga na uuguzi, linastahili sifa kwa jambo ambalo masanduku ya bei nafuu hulikosa: mtengenezaji wake hakutegemea rangi za aina moja. Hematoksilini na eosini, rangi mbili za kawaida za maabara, huipa kolajeni (protini ya nyuzi imara) rangi ya waridi na viini vya seli rangi ya zambarau, lakini nyuzi za elastini (zinazonyumbulika) na za retikulini (nyembamba, zinazosukana kama wavu) hazijitokezi vizuri, na mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba tishu unganishi ina uzi wa namna moja tu.

Slaidi ya ukano ndiyo bora kuliko zote. Mafungu ya kolajeni yamelala sambamba, na kati yake fibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi, zimejipanga safu safu, viini vyake vikiwa vimebanwa hadi kuwa vyembamba na virefu, hata inaonekana wazi kwa nini ukano hustahimili kuvutwa kuelekea upande mmoja. Katika nodi ya limfu, iliyotiwa madini ya fedha, nyuzi za retikulini, ambazo ni kolajeni ya aina ya III, zimetanda nyeusi kama wavu wa mvuvi. Ukuta wa aota nao unaonyesha matabaka ya elastini yaliyotiwa rangi ya oseini, moja juu ya jingine.

Kwa upande wa seli, utando wa utumbo wa panya, uliotandazwa mzima bila kukatwa na kutiwa rangi ya bluu ya toluidini, unazionyesha seli masti (seli za kinga zilizojaa chembechembe) barabara, chembechembe zake zikigeuka zambarau badala ya kubaki bluu. Makrofaji, seli zinazomeza vijidudu na mabaki, ni vigumu kuzitofautisha na fibroblasti, kwa kuwa mnyama hakupewa rangi ambayo seli hizo zingeimeza kabla ya tishu kuchukuliwa. Seli za mafuta ni pete tupu, na kijitabu kinaeleza sawasawa kwamba mafuta yenyewe yaliyeyushwa na kemikali za maandalizi.

Inasikitisha kwamba kijitabu hichohicho, kinapofika kwenye ute wa msingi, yaani ute unaojaza nafasi kati ya seli na nyuzi, kinaziita sehemu nyeupe zilizo kati ya nyuzi "nafasi tupu". Hilo si kweli, na ni kosa zito katika chombo cha kufundishia. Katika mwili hai sehemu hizo zimejaa maji yaliyoshikwa na molekuli kubwa za asidi ya hayaluroniki na proteoglikani. Humo ndimo oksijeni na virutubisho hupita kutoka kwenye kapilari hadi kwenye seli, na uzito wa ute huo huzuia vijidudu kusambaa, ndiyo maana baadhi ya bakteria, wakiwemo streptokoka, hutoa kimeng'enya cha kuuvunja. Maandalizi ya slaidi ndiyo huuondoa sehemu kubwa. Kipande kimoja cha kiungamwana (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma), ambacho kina ute huo kwa wingi, kikitiwa bluu ya Alcian, rangi inayouonyesha ute huo, kingetosha kuziba pengo hili.

Vioo ni safi na mikato ni myembamba kiasi cha kutazamwa vizuri kwa lenzi ya 40, ingawa lebo za karatasi zimeanza kubanduka. Ninawashauri wakufunzi walinunue, waagize slaidi ya kiungamwana kando, na wasahihishe maelezo ya kijitabu kwa kalamu kabla ya kuwakabidhi wanafunzi.