Kadi ya Njano ya COMESA: inachokilinda na inachokiacha gari linapovuka mpaka

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikikata Kadi ya Njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), yaani bima inayowafidia watu ninaoweza kuwadhuru kwa gari nje ya nchi, kila ninapotoka Tanzania kwa gari langu mwenyewe, mara nyingi kupitia Namanga kuelekea Kenya na mara mbili kupitia Tunduma kuingia Zambia. Katika muda huo nimeionyesha kwa askari wa usalama barabarani mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na mara moja nimeitegemea baada ya ajali. Ajali hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii, kwa sababu siku ile kadi ilitimiza kazi yake yote, lakini mimi nilirudi nyumbani na gari ambalo hakuna aliyekubali kulitengeneza.

Bima ya gari iliyokatwa Tanzania, iwe ndogo (inayowafidia wengine tu) au kubwa (inayolinda na gari lako pia), kwa kawaida huishia mpakani. Ukivuka bila kitu cha ziada, mbele ya sheria ya nchi unayoingia wewe ni dereva asiye na bima, hata kama stika yako ya nyumbani bado ina miezi kumi ya uhai. Zamani njia pekee ilikuwa kununua bima mpya katika kila mpaka, na msafiri wa nchi tatu alilipa mara tatu. Nchi za eneo letu zilitia saini itifaki ya mpango huu mwaka 1986, wakati COMESA ilikuwa bado inaitwa PTA (eneo la biashara la upendeleo), na kadi zikaanza kutumika mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango wa kadi, na ndiyo maana mwenye gari wa hapa anaipata kupitia kampuni yake ya bima na kuitumia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia, Zimbabwe na nchi nyingine zilizomo.

Ninachokithamini zaidi katika kadi hii ni namna madai yanavyoshughulikiwa. Kila nchi mwanachama ina ofisi yake ya taifa ya mpango, na gari la mgeni linapomdhuru mtu, ofisi ya nchi ilikotokea ajali ndiyo inayopokea madai, inayaamua kwa sheria ya nchi hiyo, inalipa kwa fedha ya nchi hiyo, kisha inarudishiwa gharama na ofisi ya nchi lilikotoka gari. Aliyeumia halazimiki kuifuata kampuni ya bima iliyo ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo pengine hajawahi kukanyaga. Huo ni ubinadamu, na ni jambo ambalo bima nyingi za bei nafuu haziligusi kabisa.

Niliushuhudia ubinadamu huo upande wa Kenya, jioni moja ya mvua, pale mwendesha pikipiki alipoingia barabarani kutoka njia ya vumbi nami nikashindwa kusimama kwa wakati. Alivunjika mguu. Abiria wangu aliumia bega. Polisi walipofika walichukua nakala ya kadi pamoja na maelezo ya pande zote mbili, nami nikaitaarifu ofisi ya mpango ya Kenya na kampuni yangu ya nyumbani kabla ya siku kuisha. Matibabu ya yule kijana na matengenezo ya pikipiki yake yaliingia katika madai, na matibabu ya dharura ya abiria wangu pia yalikubaliwa, kwa kuwa kadi hubeba gharama za dharura za hospitali za dereva na abiria wa gari lenye kadi. Madai yalichukua miezi, na ripoti ya polisi iliombwa zaidi ya mara moja, lakini yalilipwa, na sikudaiwa hata shilingi na familia ya majeruhi. Kwa upande huo sina lawama.

Gari langu lilikuwa limepoteza bampa, taa moja ya mbele na rejeta. Nilikuwa na bima kubwa, nayo nilikuwa nimeilipia kikamilifu, na wakala aliyeniuzia kadi aliniambia kwa mdomo wake kwamba kuanzia siku ile nilikuwa nimekingwa kila mahali. Jibu la kampuni lilikuja kwa barua ya aya mbili: mkataba unalinda gari ndani ya Tanzania pekee, isipokuwa kampuni iwe imeridhia kwa maandishi kuongeza nchi nyingine. Niliusoma mkataba upya na kukuta sentensi hiyo ipo, ukurasa wa tatu. Wakala huyo alikuwa na wajibu wa kuitaja, na bado naamini alinikosea, kwa sababu nilimweleza waziwazi kwamba nasafiri kwenda Kenya na kwamba hofu yangu ilikuwa gari lenyewe.

Kadi ya Njano ni bima ya dhima kwa mtu wa tatu, yaani hulipa madhara unayomsababishia mtu mwingine. Haitengenezi gari lako, hailipi likiibwa, haifidii mzigo uliobeba. Tena haisimami peke yake: imepandikizwa juu ya bima ya nyumbani, na bima hiyo ikiisha muda ukiwa safarini, kadi nayo huisha. Kwa hiyo mwenye bima kubwa anahitaji vitu viwili tofauti anapovuka, yaani kadi kwa ajili ya watu anaoweza kuwadhuru, na barua ya kampuni inayopanua mipaka ya mkataba kwa ajili ya gari lake. Barua hiyo huitwa nyongeza ya mkataba, inataja nchi kwa majina na tarehe, na isipokuwa mkononi kabla ya safari, usiihesabu kuwa ipo.

Kuhusu unafuu, nimejifunza kutouliza bei ya kadi peke yake. Mwaka uliofuata niliziandikia kampuni tatu swali moja lenye mambo yote ndani: bima kubwa ya mwaka, kadi ya nchi ninazokwenda, nyongeza ya mkataba, na kiasi ambacho nitajilipia mwenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa. Iliyokuwa na bima ya bei ya chini kuliko zote ilitoza fedha nyingi kwa nyongeza ya mkataba, na kiasi cha kujilipia kilikuwa kikubwa kiasi kwamba bampa na taa zisingefidiwa kamwe. Niliichagua ya katikati. Anayevuka mara moja kwa mwaka akate kadi ya siku za safari yake tu, na anayevuka kila mwezi apige hesabu ya kadi ya muda mrefu, kwa kuwa vipande vidogo vidogo hugharimu zaidi vikijumlishwa.

Unafuu ambao siwezi kuupendekeza ni ule wa vishoka wanaozunguka karibu na mipaka wakiuza karatasi za haraka. Kadi halali hutolewa na kampuni ya bima iliyo ndani ya mpango, kwa gari lenye bima hai, na stika ya bima ya gari la Tanzania inaweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima kabla hujatoa fedha. Ajali ikimkuta mtu mwenye karatasi ya bandia, ofisi ya taifa haina cha kulipa, na aliyevunjika mguu anabaki na mguu wake bila fidia.

Mpango una mipaka yake kusini. Kadi haitumiki Botswana, Namibia wala Afrika Kusini, ambako watu wanaoumizwa barabarani hufidiwa na mifuko ya umma inayochangiwa kupitia tozo ya mafuta. Mifuko hiyo inashughulika na miili ya watu, haigusi mali, kwa hiyo ukiligonga gari la mtu huko bila bima yako binafsi, deni la matengenezo ni lako.

Kadi yangu ya sasa inataja Kenya na Uganda, na barua ya nyongeza inataja nchi hizohizo kwa tarehe zilezile. Mwezi wa nane natarajia kushuka tena Tunduma, na ombi la kuongeza Zambia katika karatasi zote mbili tayari liko mezani kwa kampuni. Sitawasha gari mpaka majibu yote mawili yafike kwa maandishi.