Uzoefu wangu: wiki 6 za mafunzo ya gari la punda, mimi na Subira

Subira ni punda jike ambaye meno yake yanaonesha kuwa ana miaka 5 hivi, na nilimnunua ili anivutie mchanga na matofali hapa Kinyasini na vijiji vya jirani. Kwa miezi 3 ya mwanzo sikupata kwake kazi yoyote ya maana. Akifungwa gari huenda hatua thelathini, kisha husimama na kulaza masikio nyuma, na hapo hata ukimchapa hasogei. Majirani walisema ni mkaidi, nami nikaamini. Hatimaye nilimpeleka kwa mzee mmoja wa huku Kaskazini Unguja anayefundisha punda pamoja na wenyewe, ambaye ameishi kwa kazi ya magari ya punda tangu ujana wake na aliwahi kuwatunza farasi wanaopandwa na wageni ufukweni. Nililipa shilingi 150,000 kwa mafungu mawili.

Siku ya kwanza gari halikuguswa kabisa. Mzee aliitazama nira niliyokuja nayo, akaniuliza, "Mwanangu, hii si ya ng'ombe?" Nikamjibu kuwa ndiyo, ni ya kaka yangu. Akaushika mkono wangu, akaupitisha taratibu juu ya mabega ya Subira, na chini ya manyoya nikakigusa kidonda kilichokauka, kipana kama sarafu ya shilingi 200, ambacho kwa miezi yote ile sikuwahi kukiona. Alinieleza kwamba ng'ombe wetu wana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo ikapata pa kuegemea, lakini punda hana nundu, nguvu zake za kuvuta ziko kifuani, kwa hiyo anahitaji mkanda mpana wa kifua na tandiko dogo la mgongoni. Kumbe kila aliposimama njiani alikuwa amefika mwisho wa kuvumilia maumivu, na mimi nikamwongezea fimbo. Jambo hilo linanisikitisha hadi leo.

Tulingoja kidonda kipone, na wakati huo nikafundishwa kumgusa mwili mzima, kumwinua miguu na kuzisafisha kwato. Baadaye tulimfunga kamba mbili ndefu kwenye hatamu, nikawa natembea nyuma yake kwa upande kidogo, mbali na mateke, nikimwongoza bila gari. Kabla ya kuniruhusu kumwongoza Subira kwa kamba hizo, mzee alijifanya punda: alizishika ncha zake yeye mwenyewe kwa vidole viwili, akafumba macho, akaniambia nimpeleke kulia na kushoto. Nilivuta kama nilivyozoea, akafumbua macho na kusema, "Umenivunja shingo. Turudie." Tulirudia jioni mbili nzima, mpaka mzee akawa anageuka kwa mvuto mdogo sana. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi chenye thamani kuliko vyote.

Kisha Subira alivutishwa tairi kuukuu ili azoee kitu kinachokwaruza ardhi nyuma yake. Hapo mzee alinifahamisha tofauti ambayo ni muhimu kwa kila mwenye punda: farasi akishtuka hukimbia, lakini punda aghalabu husimama kwanza akapima hatari, na anayempiga wakati huo humthibitishia kuwa hatari ipo kweli. Tulisubiri tu, akanusa tairi, akaendelea.

Somo la kupakia gari nalo lilinifumbua macho. Gari la magurudumu mawili likielemewa mbele, uzito wote humkandamiza mgongo, na likielemewa nyuma, miti ya mbele hunyanyuka na mkanda wa tumboni humkaba. Mchanga unatakiwa ukae juu ya ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu, na kipimo chake ni rahisi: kabla ya kumfunga mnyama, mtu mmoja aweze kuinua ncha za miti kwa mkono bila kukaza mwili. Vilevile nilikuwa sijui kazi ya mkanda unaozunguka mapaja ya nyuma, kumbe ndio unaomwezesha kulizuia gari kwenye mteremko lisimgonge miguuni.

Upungufu upo, na ni haki niuseme. Mikanda tuliyouziwa ilikuwa ya nailoni nyembamba, ikaanza kumchubua kifuani katika wiki ya 4, nikalazimika kuizungushia magunia na vitambaa vya kanga. Mafunzo ya barabara ya lami, penye daladala na honi zake, yalikuwa siku moja tu, nayo haitoshi hata kidogo kwa mtu atakayefanya kazi kando ya barabara kuu. Tena, wiki 6 bila kipato si jambo dogo kwa mwenye familia, na anayetaka kujiunga ajipange mapema.

Sasa Subira huvuta safari mbili kabla ya adhuhuri, kisha hufunguliwa mikanda yote, akanyweshwa maji na kupumzishwa chini ya mwembe. Fimbo sijaibeba tena. Jumamosi ninarudi kwa mzee ili amkate kwato, na ninakwenda na mpwa wangu, ambaye atakuwa akimwendesha jioni, kwa sababu mzee ameshasema kwamba hataki kusikia mtu ameshika kamba za Subira kabla hajamwongoza yeye kwanza akiwa amefumba macho.